Usilipie hiyo pleti kabla haijabeba ruta yako usiku kucha

Mleta uzi, usilipe. Kama umeshatuma nusu ya hela, mpigie sasa hivi mwambie asubiri, hiyo nusu nyingine ibaki mfukoni.

Umeandika kwamba una ruta, ile mashine ya kuchonga mbao kwa biti inayozunguka, Makita kubwa ya biti za shina la milimita 12, unataka kuifunga kichwa chini kwenye meza, na umepata mtu wa kukuuzia pleti ya kuibebea, ya akriliki ya milimita 6, ile plastiki angavu kama kioo, kwa shilingi 85,000. Ya alumini umeambiwa 240,000. Umeuliza uchukue ipi. Waliokujibu wote juu hapo wanasema chukua ya bei nafuu, kazi ni ile ile. Kazi si ile ile, ndugu yangu. Pleti ya aina hiyo hiyo niliifunga mimi, kwenye ruta ya ukubwa huo huo, hapa hapa Ngamiani, Tanga, na iliniunguza hela ambayo ningenunulia pleti za alumini sita.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa maana nikisema tu "ni mbaya" hutanielewa.

Nilipata kazi ya kabati za jikoni kwa mama mmoja Raskazone. Milango 22, mtiki mtupu, paneli katikati na fremu pembeni. Mtiki nikaufuata Muheza, wa shamba la Longuza, mzuri, mkavu, umenyooka. Nikasema kazi hii siifanyi kwa kushika ruta mkononi, natengeneza meza. Pleti nikainunua kwa muuzaji mmoja wa vifaa, nikaiweka juu ya meza ya kioo dukani, nikaweka rula ya chuma juu yake. Imenyooka! Hakuna mwanga unaopita chini. Nikalipa.

Kosa lilikuwa hapo, na ndilo nakuona unaliendea. Niliipima ikiwa tupu. Pleti tupu haikwambii kitu, kila pleti tupu imenyooka. Nikaikatia tundu mezani, nikafunga ruta ya karibu kilo 6 chini yake, nikaiacha inaning'inia. Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi imepamba moto, karakana yangu ni ya bati, saa nane mchana humo ndani hata gundi inakauka kabla hujaipaka. Ruta ikaning'inia siku ya kwanza, ya pili, wiki mbili. Sikuipima tena. Ya nini, si nilishaipima dukani?

Siku ya kuchana ulimi na mfereji wa zile fremu nikafanya kama kila fundi anavyofanya, nikajaribu kwanza kwa vipande vya makapi. Vipande viwili vifupi, sentimita 15 kila kimoja. Vikaingiana kama vimezaliwa pamoja. Nikafurahi, nikaanza kazi. Miimo, yaani zile mbao za kusimama, 44, vipande vya kulala 44, siku mbili mfululizo, mimi na kijana wangu. Siku ya tatu nikakusanya mlango wa kwanza. Kipande cha kulala kimekaa chini ya mwimo kwa karibu milimita moja. Ukipitisha kucha inakwama. Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu.

Unajua nililaumu nini? Kwanza biti. Nikaagiza seti mpya kutoka Dar, ikaja na basi, nikajaribu, kasoro ile ile. Kisha nikalaumu ubao. Nikaenda Muheza nikamfokea mtu aliyeniuzia mtiki mbele ya wateja wake, nikamwambia umeniuzia mbao mbichi zinapinda. Yule mzee wa watu hakunijibu. Baadaye ilibidi nirudi kumwomba radhi, na alinipokea kwa chai, jambo ambalo limeniuma kuliko kama angenitukana.

Aliyeligundua ni fundi mmoja mtu mzima, jirani yangu, ambaye hajawahi kumiliki meza ya ruta maishani, yeye na randa ya mkono. Aliingia akanikuta nimekaa chini. Akachukua rula yangu, akaisimamisha kwa ubavu juu ya pleti kutoka pembe hadi pembe, akawasha tochi ya simu upande wa pili. "Mwanangu, ubao hauna kosa. Umeuwekea bonde." Mwanga ulipita chini ya rula kama chini ya mlango. Tukasukumia karatasi za kawaida za kuchapia mle ndani, moja baada ya moja. Ziliingia 13. Karatasi ya namna hiyo ina unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo katikati pleti ilishuka milimita 1.3 hivi.

Sasa shika hapa, maana wengi hawaelewi bonde la milimita moja linaharibuje. Mwimo ni mrefu. Ukipita juu ya pleti unaegemea meza huku na huku, unavuka lile bonde kama daraja, na biti inaugusa kwa kina kidogo. Kipande cha kulala unakipitisha kwa kichwa chake, na kile kichwa kinaishia pale pale kwenye biti, hakina kitu cha kushikilia mbele. Kinainama bondeni, biti inakila zaidi. Mbao mbili, biti moja, kimo kimoja, vina viwili. Na vile vipande vyangu vya majaribio vilikuwa vifupi vyote viwili, vyote vilizama bondeni sawasawa, ndiyo maana vilikubaliana. Jaribio lenyewe lilinidanganya.

Milango 22. Kuipiga msasa milimita nzima kwenye mtiki kila kiungo ni kazi ya wendawazimu, na ukimaliza fremu imekuwa nyembamba, paneli inatokeza. Nilijaribu minne. Yule mama akaja, akapitisha kiganja, akasema kwa upole tu kwamba hii hapana. Nikanunua mtiki upya kwa hela yangu. Ukihesabu mbao, biti nisizozihitaji, nauli na siku za kijana wangu, ilipita shilingi 1,400,000. Kwa sababu ya kuokoa 155,000.

Yule aliyeniuzia bado simsamehi na nalisema wazi. Aliigonga ile pleti kwa kidole akaniambia, "Hii ni kioo cha ndege, hata upande juu haivunjiki." Ni kweli, haijavunjika mpaka leo, mke wangu anakatia vitunguu juu yake. Lakini mimi nilimwambia ruta yangu ni ipi na ina uzito gani! Alijua naenda kuning'iniza kilo 6. Nilipomrudia akasema labda nimeikaza skrubu vibaya. Na wale wa kwenye video, yule kijana anayefunga ruta kwenye akriliki kwa dakika kumi na kusema imekwisha, tazama vizuri ruta yake. Ni ile ndogo ya kushika kwa mkono mmoja, kilo 2 haifiki, na mwenyewe kavaa sweta karakanani. Kwa ruta ile na baridi ile hana shida. Wewe uko Tanga na una Makita ya farasi.

Kuna mtu hapo juu amekushauri uchukue akriliki nene zaidi, ya milimita 12. Hesabu yake ina nusu ya ukweli. Unene ukiongezeka mara mbili, ugumu wa bamba dhidi ya kupinda unaongezeka mara nane, hilo ni sahihi. Lakini alumini yenyewe, kwa unene ule ule, ni ngumu kuliko akriliki zaidi ya mara 20. Maana yake akriliki ya milimita 12 bado haijafika hata nusu ya alumini ya milimita 6. Halafu plastiki ina tabia ambayo alumini haina kwa mzigo huu: ikibeba kitu muda mrefu inaendelea kulegea polepole, na ikipata joto, liwe la bati au la mota yenyewe ya ruta, inalegea haraka zaidi. Siku ya kwanza inashuka nusu milimita, unasema si kitu. Inaendelea kushuka wewe umelala.

Kanuni yangu ni moja, nimeilipia, chukua bure: pleti inapimwa ikiwa imebeba. Isipimwe tupu dukani, wala usipime dakika tano baada ya kufunga. Mwambie muuzaji unakwenda nayo au unakuja na ruta yako. Tengeneza fremu ya mbao nne, iegemee kingo za pleti sentimita moja na nusu kila upande kama itakavyokaa mezani, fungia ruta chini yake, iache usiku kucha. Asubuhi isimamishe rula ya chuma kwa ubavu, pembe hadi pembe mara mbili, kisha upana na urefu katikati, tochi nyuma. Karatasi moja ikipita kwa shida, sawa. Zikipita tatu, mrudishie. Mgongo mdogo unaoinuka katikati usikutishe, ubao utaugusa pale pale kwenye biti na kina hakitabadilika. Bonde ndilo adui. Muuzaji akikataa usipime hivyo, amekujibu.

Na usiseme "basi nitachukua alumini yoyote". Hapa mjini kuna watu watakumiminia bamba la sufuria zilizoyeyushwa, wakalisugua likang'aa. Lina vishimo ndani, halikunyooka, na likichongwa tundu la katikati linajikunja. Tafuta bamba lililopitishwa kwenye rola kiwandani, milimita 6 kwa uchache. Ukipata 9 au 10 shukuru Mungu, hiyo haitikisiki. Fundi wa kukereza vyuma atakutobolea tundu. Mimi yangu ya sasa ni kipande cha milimita 10 nilichokinunua kwa kilo, nikakipeleka kukerezwa, na jumla ilikuwa pungufu ya hiyo 240,000 unayotajiwa. Iache nayo usiku kucha vile vile. Mimi niliiacha siku tatu, karatasi haikupita hata moja.

Matundu ya skrubu: pleti nyingi zinazoletwa kutoka Marekani zimetobolewa kwa mpangilio wa skrubu tatu wa ruta za Porter-Cable, kampuni ya huko huko, kwa hiyo neno "imeshatobolewa" halina maana kwa Makita yako. Fungua kile kisahani cheusi cha plastiki chini ya ruta, kibandike kwenye pleti kwa utepe wa gundi wa pande mbili, toboa kwa kukifuata. Vichwa vya skrubu vizame kabisa, na skrubu ziwe ndefu kuliko za mwanzo kwa unene wa pleti uliouongeza. Zikiwa fupi zitashika nyuzi mbili tu, na ruta ya kilo 6 inayotetemeka haitakaa hapo muda mrefu.

Tundu la katikati lisiwe dogo mno. Biti kubwa za paneli zinafika upana wa milimita 89, na lazima zipite zikizunguka bila kugusa, ila ukitumia biti ndogo uwe na pete za kupunguza tundu, la sivyo kichwa cha ubao kitazama mle mle. Bonde jingine hilo, la aina yake. Na hizo biti kubwa uzizungushe taratibu, mizunguko 10,000 hivi kwa dakika. Kwa 22,000 ncha yake inakimbia zaidi ya kilomita 360 kwa saa, nawe umesimama mbele yake.

Alumini tupu huacha alama nyeusi kwenye mbao nyeupe kama paini. Isugue nta ya samani, paka, futa, rudia kila baada ya siku chache. Kwenye mtiki huioni sana. Na meza yenyewe kama ni MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ile ngazi uliyoikata ili pleti ikae ipake vanishi mara tatu, ndani ya kona pia. Unyevu wa hapa pwani unaivimbisha, pleti inainuka upande mmoja, halafu utaanza kulaumu pleti wakati haina kosa. Weka skrubu nne ndogo kwenye pembe, chini ya pleti, uweze kuipandisha na kuishusha mpaka iwe sawa na uso wa meza. Hizo nazo kaza ruta ikiwa imening'inia tayari.

Umesema unalipa kesho asubuhi. Usilipe. Kama unaweza kufika Ngamiani Jumamosi, njoo na Makita yako na hiyo pleti kama jamaa atakubali kukuazima. Fremu ya kupimia ninayo, rula ninayo ya mita moja. Tutaifunga jioni, utaiacha hapa, Jumapili asubuhi baada ya chai tunahesabu karatasi.