Watoto na safari ya kwanza ya meli, Mwanza hadi Bukoba

Dada, umeuliza mpakie nini na mchague chumba kipi kwenye MV Victoria, ile iliyorudi majini 2020 baada ya ukarabati.

Chumba kwanza, maana usingizi wa watoto uko hapo. Ukipata nafasi ya kuchagua, omba cha katikati ya meli. Mbele na nyuma ndiko kunakopanda na kushuka zaidi mawimbi yakianza, na karibu na injini kelele haziishi. Mdogo alale kitanda cha chini, upande wa ukutani.

Mabegi makubwa yafungeni, msiyaguse hadi mfike. Chumba ni finyu. Kikapu kimoja kibaki mkononi: tiketi, vitambulisho, maji, tochi, nguo ya kubadili kwa kila mtoto, kopo lenye mfuniko la kutapikia, na masweta. Masweta watu huyadharau kwa sababu ya joto la Mwanza mchana, lakini usiku upepo wa ziwa unapenya mpaka mifupani. Dawa ya kichefuchefu, muulize mfamasia kipimo cha mtoto, na wapeni kabla ya meli kuondoka. Akishaanza kutapika, haikai tumboni.

Hili nakusihi sana: mkiingia tu, hata kabla ya kula, muulize mhudumu maboya ya watoto yako wapi, kila mmoja avae ajaribu. Boya la mtu mzima humchomoka mtoto kichwani akiwa majini. Na mkitoka sitahani, mdogo asiachiwe mkono.