Kuondoa kufuli na kuweka vizuizi vya kumbukumbu: nauli iliyosomeka sifuri

Assalamu alaykum. Ndugu yetu ameuliza iwapo anaweza kuziondoa kufuli zote (zinazomfanya mmoja asubiri mpaka mwengine amalize) katika kanzidata yake inayokaa ndani ya kumbukumbu na kuweka mahali pake vizuizi vya kumbukumbu, yaani maagizo yanayolazimisha kusoma na kuandika kufuate mpangilio, kwa kuwa kufuli zinamchelewesha. Nitajibu kwa yaliyonifika mwenyewe.

Nilikuwa nikiandika kwa lugha ya C programu ya tiketi za boti kati ya Malindi ya Unguja na Mkoani, Pemba. Jedwali la safari liliandikwa na uzi mmoja tu (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu), mara chache kwa siku, lakini kila aliyetaka tiketi alilisoma, na kila msomaji alishika kufuli. Watu husahau kwamba hata anayesoma tu, akishika kufuli, huwa anaandika juu ya kufuli lenyewe. Kipande cha kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) kilichobeba kufuli, ambacho katika prosesa za Intel ni baiti 64, kikawa kinanyang'anywa baina ya viini vya prosesa, na hapo ndipo muda ulipopotelea.

Nikaliondoa kufuli. Uzi mwandishi ulijaza nauli kwenye safu mpya ya jedwali kisha ukapandisha bendera, yaani alama, ya "tayari". Msomaji alitazama bendera kwanza, ndipo akasoma nauli. Kwenye laptopu yangu ya Intel sikuona kosa lolote. Tulipoihamishia Mkoani, kwenye kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM, ikatoka tiketi ya nauli sifuri, na karani wa dirishani akaniuliza kama siku hiyo tunatoa sadaka.

Prosesa za x86, kama ile ya Intel kwenye laptopu yangu, huyaonesha maandiko ya uzi mmoja kwa wengine kwa mpangilio ule ule yalivyoandikwa, na kusoma nako hakupitani. ARM huruhusu yote mawili yageuke. Niliweka kizuizi upande wa mwandishi peke yake, sifuri zikapungua lakini hazikwisha, kwani msomaji naye aliweza kuivuta nauli kabla hajaiona bendera. Kizuizi cha upande mmoja hakitoshi. Neno volatile la lugha ya C halikunisaidia, maana humzuia kompaila tu (programu inayofasiri msimbo kuwa maagizo ya prosesa), si prosesa. Dawa ilikuwa atomiki (vigeu visivyosomwa wala kuandikwa nusunusu) za C11, kanuni ya lugha ya C ya mwaka 2011: mwandishi anaiandika bendera kwa kuachia (release), msomaji anaisoma kwa kutwaa (acquire), na kila kilichoandikwa kabla ya kuachia huonekana baada ya kutwaa.

Hesabu ya viti, hata hivyo, niliiachia kufuli lake. Makarani wawili wakisoma kwamba kimebaki kiti 1, kila mmoja akapunguza na kuuza, kizuizi hakiwezi kuwatenganisha. Kazi yake ni kupanga nani aonekane kwanza, si kumwambia mtu asubiri. Ukitaka kuliondoa hata hilo, utahitaji agizo la atomiki la kulinganisha na kubadilisha (hubadilisha thamani iwapo tu haijaguswa na mwengine), na hiyo ni kazi nyengine.

Jambo lililonisumbua zaidi ni safu za zamani za jedwali zilizokwisha kubadilishwa na mpya, kwa sababu bila ya kufuli hujui msomaji wa mwisho ameondoka lini, na ukiifuta safu mapema atasoma takataka. Kwa kuwa safari zetu ni chache, sikuzifuta kabisa; zilikaa mpaka programu ilipozimwa usiku, boti ya mwisho ikishafunga gati.