Maswali ya Wasomaji: Nyota, Istikhara na Utabiri wa Mvua

Swali: Assalamu alaykum. Mchumba wangu ni Ali, mama yake Fatuma. Wazee wangu walipeleka majina yetu kwa mwalimu wa falaki, akasema nyota ya Ali ni Asadi, haipatani na yangu, na ndoa haitafika mwaka wa 3. Mahari imeshapangwa. Tuvunje? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Wa alaykum salaam, binti yetu. Kwa sababu ya nyota tu, msivunje. Kwanza tuone hiyo nyota ilivyopatikana, maana wengi huiogopa kwa kuwa hawajawahi kuiona ikipigwa.

Kila herufi ya Kiarabu ina namba yake katika hesabu ya abajadi. Jina la Ali ni ayn (70), lam (30) na ya (10), jumla 110. Fatuma huandikwa Fatima: fa 80, alif 1, ta nzito 9, mim 40, na ta marbuta ya mwisho huhesabiwa 5 kama ha, jumla 135. Ukijumlisha jina la mtoto na la mama unapata 245. Gawa kwa 12, inabaki 5, na burji ya 5 (burji ni zile nyota 12 za unajimu) kuanzia Hamali ni Asadi. Basi, kazi imekwisha, wala hakuna aliyeinua macho kutazama nyota yoyote.

Mwalimu mwingine huihesabu ile ta marbuta kuwa 400, kama ta ya kawaida. Kwake jumla inakuwa 640, inabaki 4, na Ali amegeuka Saratani. Mtu ni yule yule na mama yule yule, ila bahati imebadilika kwa ajili ya herufi moja yenye nukta mbili juu. Halafu hesabuni akina Ali wa Fatuma waliopo Tanga peke yake, muulize kama ndoa zao zote zimekufa kabla ya mwaka wa 3.

Qur'ani imelifunga jambo hili. Sura ya Luqman aya ya 34 inasema nafsi yoyote haijui itachuma nini kesho, na katika Al-Aaraf aya ya 188 Mtume mwenyewe (s.a.w.) ameamrishwa aseme kwamba lau angelijua ghaibu (mambo yaliyofichika) angejizidishia kheri, wala dhara isingemgusa. Kama yeye hakupewa, mwenye kitabu cha abajadi kaipata wapi?

Mtauliza, mbona mara nyingine wanapatia? Swali hilo Mtume aliulizwa, na jibu lake limepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bi Aisha: jini hunyakua neno moja la kweli akalitia sikioni mwa kuhani, yaani mtabiri, naye akalichanganya na uongo zaidi ya 100. Watu hukumbuka lile moja. Na kwenye ndoa kuna hatari nyingine ya karibu zaidi. Mke aliyeambiwa itavunjika huchukua kila ugomvi wa chumvi kuwa ndiyo ile dalili, mpaka anaivunja yeye mwenyewe.

Wazee wako watubie. Hadithi aliyoipokea Muslim inasema mwenye kumwendea mtabiri akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40. Wengine huisikia wakaacha kuswali hizo siku 40, na hapo hulipa kosa kwa kosa kubwa zaidi. Imamu Nawawi ameeleza kuwa makusudio ni kukosa thawabu. Faradhi iko pale pale, wala hailipwi tena baadaye.

Ukitaka kujua mambo ya Ali, yanayojulikana yapo. Ulizeni imamu wa msikiti wake, jirani, na wanaofanya naye kazi. Ulizeni madeni, na kama ana mke mwingine. Nendeni wote wawili mkapime VVU na selimundu. Mkiwa wote mmebeba vinasaba vya selimundu, kila mimba ina uwezekano wa robo kuzaa mtoto mgonjwa. Huo ni utabiri wenye msingi, na dini haiukatazi. Kisha muswali istikhara, yaani sala ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye kheri, ambayo msomaji anayefuata ameiuliza.

Swali: Niliswali istikhara kuhusu kazi ya Muscat siku 7, sikuota kitu. Wakala anataka jibu. Je, istikhara yangu imekataliwa? (Mama wa watoto 2, Unguja)

Jibu: Haikukataliwa, mama. Ndoto haimo katika hadithi hata kwa neno moja. Jabir bin Abdullah, katika Bukhari, anasema Mtume alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani, na akataja rakaa 2 zisizokuwa faradhi, kisha dua. Zile siku 7 zimetoka kwenye riwaya dhaifu. Kuirudia hakuna ubaya, ila si sharti.

Iswali hivi. Tia udhu, chagua wakati usiokatazwa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, istikhara ni sala ambayo sababu yake huja baadaye, kwa hiyo haiswaliwi baada ya Alfajiri mpaka jua lipande kiasi cha mkuki (robo saa na ushei), wala jua likiwa katikati, wala baada ya Alasiri mpaka lizame. Wengi hukosea hapo kwa Alasiri. Rakaa ya kwanza soma Al-Kafirun baada ya Al-Fatiha, ya pili Al-Ikhlas. Ukishatoa salamu, mhimidi Mungu, mswalie Mtume, kisha uombe dua inayoanza *Allahumma inni astakhiruka bi-ilmika*. Kama hukuihifadhi, isome kwenye karatasi. Ukiwa katika hedhi, omba dua peke yake bila sala.

Maana yake ndiyo hii: Ewe Mola, nakuomba uchague kwa ujuzi wako, nakuomba uwezo kwa uwezo wako, na nakuomba katika fadhila zako kubwa. Wewe unaweza nami siwezi, unajua nami sijui, nawe ni mjuzi wa ghaibu. Ikiwa unajua jambo hili (hapa litaje: safari ya Muscat, kazi ya nyumbani, mkataba huu) ni kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa jambo langu, nikadirie, unisahilishie, kisha unibarikie. Na ikiwa unajua ni shari kwangu, liepushe nami, uniepushe nalo, unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo.

Ona kwamba hakuna mahali unapoomba *kuambiwa* litakalotokea. Unaomba lifanywe jepesi au liondolewe. Nawawi amesema baada ya hapo mtu huelekea kule moyo unakofunguka. Mwanazuoni Izz bin Abdisalam akasema afanye lolote atakaloamua, maana linalotokea ndiyo kheri. Wala usifungue msahafu kwa bahati ukasome aya ya mkono wa kulia, wala kuhesabu tasbihi shufwa na witiri. Hayo ni bao la ramli (uaguzi wa kupiga mistari na nukta) lililovishwa kanzu.

Na istikhara haisomi mkataba kwa niaba yako. Kabla ya kumjibu wakala, uone karatasi yenyewe: mshahara umeandikwa kwa riali ngapi, pasipoti itashikwa na nani, siku ya mapumziko ipo, nani analipa tikiti ya kurudi. Akigoma kukuonyesha, huo mlango umefungwa mbele ya macho yako. Unangoja ndoto ya nini tena?

Swali: Bao la ramli linasemwa ni elimu ya Nabii. Kweli? (Msomaji, Lamu)

Jibu: Muawiya bin Al-Hakam alimuuliza Mtume kuhusu wapigao mistari, akajibiwa kuwa palikuwa na Nabii akipiga mistari, na ambaye mistari yake itaafikiana na ya Nabii yule, sawa. Wapiga bao hukatia hapo. Wanazuoni wamefafanua: hakuna njia ya kujua kama nukta zako za bao zinaafikiana na mistari ya Nabii yule, basi sharti halitimii na mlango umefungwa.

Swali: Sisi wavuvi tunasikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni. Mzee mmoja anatuambia ni ushirikina. Na Kilimia, lile kundi la nyota, je? (Wavuvi, Mafia)

Jibu: Si ushirikina. Mamlaka ya hali ya hewa inapima mgandamizo wa hewa, joto la bahari na mawingu kwa setilaiti, halafu inasema kitu *kinatarajiwa*. Ni sawa na nahodha anayeona wingu jeusi upande wa kusi akakunja tanga. Wanakosea pia, wala hawafichi. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilitarajiwa kupiga pwani yetu, kikanywea. Mei 2024 kilikuja Hidaya. Aliyeacha chombo ufukweni mara zote mbili hakupoteza zaidi ya siku chache za samaki, kwa hiyo tahadhari ikitolewa, msitoke.

Kuhusu Kilimia, wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Ukikitumia kama kalenda ya kulimia, hakuna tatizo. Ukisema Kilimia ndicho kilicholeta mvua, umeingia kwenye hadithi ya Hudaybiya, ambapo baada ya mvua ya usiku Mtume alieleza kuwa asemaye "tumenyeshewa na nyota fulani" amemkufuru Mungu na kuiamini nyota. Imamu Shafi katika Al-Umm ameitenganisha kauli ya kutaja wakati na kauli ya kuitegemea nyota. Mwambieni mzee, kwa adabu, atenganishe hivyo hivyo.

Swali: Kipimo cha picha kimeonyesha mtoto wa kike, na tarehe ya kujifungua. Si ghaibu hiyo? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Kilichokwisha umbwa kikaonekana kwa mashine hakijawa ghaibu kwa anayekiona. Tarehe ni hesabu ya wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na ni watoto wachache wanaozaliwa siku ile ile. Mfuko wa hospitali uwe tayari kuanzia wiki ya 36.