Asubuhi koti, mchana fulana, jioni vumbi: maswali yenu kuhusu machipuko ya jangwani

Maswali yamekuwa mengi safari hii, na karibu yote yametoka kwa watu wanaoishi miji ya jangwani au wamehamia juzijuzi na wanashangaa hii wiki imewafanyia nini. Nimeyafupisha. Nimeyasoma yote mfululizo nikaona yanarudi kwenye kitu kilekile kimoja, ukavu wa hewa, kwa hiyo mtaniona nakirudia rudia na sitaomba radhi kwa hilo maana ukishakielewa hicho mengine yanajipanga yenyewe.

Jumatatu kulikuwa na nyuzi 31 nikalala madirisha wazi. Jumatano nyuzi 14 na upepo wa kukata masikio. Jumamosi joto tena 29. Hali ya hewa imeharibika au ndo kawaida?

Ndo kawaida, na kama ni mwaka wako wa kwanza pole sana, maana watu wanakwambia jangwa ni joto alafu hawakwambii kuhusu hii miezi.

Iko hivi. Jangwa wakati wa kiangazi limetulia, leo joto kesho joto. Machipuko, yaani ile miezi baada ya baridi na kabla ya kiangazi, ndo yamekaa katikati ya ugomvi. Jua limeshapata nguvu, na kwa kuwa ardhi haina maji ya kukausha wala majani ya kuifunika, nguvu yote ya jua inaenda kupasha mchanga na mchanga unapasha hewa, kwa hiyo siku mbili tatu za jua safi zinatosha kabisa kukupa kiangazi cha bandia. Lakini juu huko, kama kilomita 10 kutoka ardhini, kuna ule mkondo wa upepo mkali unaopita kwenye mpaka wa hewa ya baridi na hewa ya joto, na kipindi hiki bado haujarudi kwake kuelekea ncha ya dunia, unapita karibu na kwako huku unajipinda kama nyoka. Ukijipinda kuja upande wako unaleta hewa baridi, ukijipinda kurudi unaliachia joto liingie. Ndo Jumatano yako hiyo na Jumamosi yako.

Na kuna jambo watu wengi hawalijui, kwamba ile siku ya joto kali mara nyingi ndo inayotangulia baridi. Mfumo wa mgandamizo mdogo wa hewa (eneo kubwa ambalo hewa inakandamiza ardhi kidogo kuliko kandokando, upepo unalizunguka) ukiwa unakuja unavuta mbele yake hewa ya moto kutoka ndani ya jangwa. Misri wanaijua vizuri, wanauita upepo huo khamsini, neno la Kiarabu la hamsini, kwa sababu unahesabiwa kuja kwa vipindi ndani ya siku kama 50 kati ya Machi na Mei, na ukija joto linaweza kupanda nyuzi 20 ndani ya masaa machache na unyevu wa hewa ukashuka chini ya asilimia 5. Alafu mfumo ukishapita, upepo unageuka ghafla na baridi inaingia. Kwa hiyo kwa walio kaskazini ya ikweta, ukiona joto limezidi mno kwa msimu, upepo unatoka kusini, mawingu membamba kama manyoya yanaanza kutanda juu na mgandamizo wa hewa unashuka (baadhi ya simu siku hizi zina kipimo chake ndani), usikimbilie kufungia makoti kabatini.

Kwa nini upepo unalala asubuhi, unaamka saa sita saba mchana, alafu jua likizama unakata kama mtu kazima swichi?

Swali zuri kuliko yote wiki hii na nililisubiri kwa muda mrefu. Usiku hewa iliyogusa ardhi inapoa, inakuwa nzito, inalala chini kama maji kwenye beseni, na upepo mkali unaendelea kuvuma juu yake bila kuigusa. Asubuhi jua linaanza kupasha ardhi, mapovu ya hewa moto yanapanda, na kadiri mchana unavyoenda yanapanda juu zaidi, jangwani yanaweza kufika hata kilomita 3 au zaidi kwa sababu hakuna unyevu wa kuyazuia mapema kwa mawingu. Yakifika kwenye ule upepo wa juu yanachanganyika nao na ule upepo unashushwa mpaka mtaani kwako. Jua likizama mapovu yanakatika, hewa ya chini inalala tena.

Mi nimefunga kipande cha kitambaa chekundu kwenye waya nje ya dirisha la jikoni na nimekiangalia miaka. Saa tatu asubuhi kinaning'inia kama ulimi. Saa tano kinaanza kutikisika upande wa chini tu. Saa nane kimenyooka mlalo kinapiga kama kofi, mpaka pindo lake limechanika nyuzi nyuzi. Saa moja jioni kimening'inia tena. Kwa hiyo kama una kazi ya kupanda ngazi, kupaka rangi, kuanua hema, kuchoma takataka (hiyo ya mwisho bora uache kabisa kipindi hiki, moto na hewa kavu na upepo wa mchana hauwezi kuushika), ifanye asubuhi.

Isipokuwa siku ambayo mfumo mkubwa unapita. Upepo wa mfumo haujali saa, unavuma hata usiku wa manane. Ukiona jua limezama na upepo haujapungua, jua kuna kitu kinakuja.

Nimeona mvua inashuka kutoka kwenye wingu kabisa, kama pazia la kijivu, lakini haikufika chini. Nilikuwa naota?

Hukuota. Inaitwa virga. Wingu la jangwani linakaa juu sana, tone likitoka linapita kilomita mbili tatu za hewa kavu na linakauka njiani. Sasa angalia, kukauka kwa maji kunaipoza hewa, hewa iliyopoa ni nzito, na ile hewa nzito inadondoka kwa kishindo na ikifika chini inasambaa pande zote. Upepo wake unaweza kupita kilomita 100 kwa saa na wewe hujapata hata tone. Kwa hiyo lile pazia zuri ukiliona linakusogelea, shusha mwavuli wa uani, funga milango ya gari, ingia ndani.

Na zile siku chache ambazo matone yanafika, utaona kwenye kioo cha gari. Kila tone limepita kwenye vumbi lililo hewani likalibeba, likitua linakauka dakika hiyohiyo na kuacha kiduara cha udongo, ukingo mweusi, katikati kweupe. Usikipanguse na kitambaa kikavu, ule ni mchanga, utakwaruza kioo. Mwagia maji kwanza.

Harufu inayokuja nayo ina jina, petrichor, walilitoa wanasayansi wawili wa Australia mwaka 1964, Isabel Bear na Richard Thomas, walipoeleza mafuta ya mimea yanayojikusanya kwenye mawe na udongo kipindi cha ukame alafu yanatoka mvua ikigusa. Ndo maana mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu inanukia kuliko ya pili. Mi nikiisikia naacha ninachofanya natoka nje.

Miche yangu ya nyanya imekufa usiku, majani yamekuwa meusi kama yamechemshwa. Simu ilisema nyuzi 3, sio sifuri. Imekuwaje?

Hili limeniuma, najua ulivyohangaika nayo. Kipimajoto cha hali ya hewa kinawekwa juu kama mita moja na nusu mpaka mbili kutoka ardhini. Usiku wa anga safi na upepo umekata, ardhi inatoa joto lake moja kwa moja kwenda angani, hakuna mawingu wala mvuke wa maji wa kulizuia, kwa hiyo kule chini kwenye majani kunaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Kipimo kinasema 3, jani liko chini ya sifuri. Alafu hewa baridi inatiririka kwenda bondeni kama maji, ukiwa umepanda kwenye kishimo ndo umeiweka miche kwenye dimbwi lenyewe.

Kinachonifanya niwe mkali kwenye hili ni kwamba usiku wa hatari sio ule wa upepo na mawingu, ni ule unaofuata, anga limesafika, kumetulia, nyota zinang'aa, na watu wamelegea wanasema baridi imeisha. Usiku huo funika. Mwagilia udongo mchana maana udongo wenye maji unashika joto kuliko mkavu, alafu kabla jua halijazama weka shuka au gunia mpaka ligusane na ardhi pande zote ili joto la udongo libaki ndani. Nailoni isiguse majani. Asubuhi jua likipata nguvu funua, usisahau, maana mchana huohuo unaweza kufika nyuzi 22 ukaichemsha miche uliyoiokoa.

Na hii inajibu pia aliyeuliza amvalishe nini mtoto wa shule, tofauti ya asubuhi na mchana jangwani nyuzi 15 mpaka 20 ni jambo la kila siku, kwa hiyo nguo nyembamba tatu zinazovulika, sio moja nzito.

Pua inatoka damu kila asubuhi na nikishika kitasa napigwa shoti.

Ukavu huohuo. Ute wa pua unakauka na kupasuka, na umeme tuli unabaki mwilini kwa kuwa hewa haina unyevu wa kuuondoa. Kunywa maji, paka mafuta mazito kidogo ndani ya pua usiku, weka beseni la maji chumbani au chombo cha kutoa mvuke. Damu ikitoka inamia mbele, sio kuegemea nyuma, bana sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachia. Isipokoma baada ya kurudia, au inajirudia sana, nenda hospitali.

Ukuta wa vumbi ukinikuta barabara kuu naendesha, niwashe taa zote za hatari?

Ukiwa umesimama, hapana! Najua inaonekana kinyume lakini nisikilize. Ukiona vumbi mbele na kuna sehemu ya kutokea, tokea, usiingie. Likishakukuta, punguza mwendo, toka barabarani kabisa, mbali na lami kadiri unavyoweza, simama, vuta breki ya mkono, ZIMA taa zote, na utoe mguu kwenye breki. Sababu ni kwamba dereva wa nyuma yako haoni kitu, akiona taa nyekundu anadhani ndo njia inakoenda anaifuata, anakuja kukugonga. Jimbo la Arizona kule Marekani wanafundisha madereva hivyohivyo. Kaa na mkanda umefungwa, nyingi zinapita ndani ya nusu saa hivi.

Tofautisha na ile chamchela, ule mnara mwembamba wa vumbi unaozunguka siku ya jua. Ile inazaliwa na ardhi kupata moto, haitoki kwenye dhoruba, inapita ndani ya dakika chache. Lakini usimwache mtoto akaikimbilia, inabeba miiba na vipande vya bati.

Tunataka kwenda kupiga picha kwenye korongo Jumapili, huku kwetu anga ni jeupe kabisa. Kuna shida?

Anga la kwako halikuambii chochote. Korongo linakusanya maji kutoka milimani mbali ambako huoni, na ardhi ngumu ya jangwani haiyanywi haraka. Tarehe 26 Aprili 2018 vijana 10 wa Israeli walikufa kwenye korongo la Tzafit karibu na Bahari ya Chumvi, mafuriko yaliwakuta wakiwa matembezini, mwezi ambao wengi wanadhani mvua zimeshaisha. Kwa hiyo angalia utabiri wa eneo lote la juu ya korongo, sio wa mji wako. Mkiwa ndani mkasikia ngurumo kama ya lori, au maji yakaanza kubadilika rangi na kubeba vijiti, pandeni juu hapohapo, acheni mabegi. Na gari msivushe, maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanamwangusha mtu mzima, sentimita 30 yanabeba gari dogo. Kama utabiri una mvua yoyote huko juu, ahirisheni. Korongo litakuwepo wiki ijayo.

Dada yangu yuko Alice Springs kule Australia, anasema machipuko yao ni Septemba. Ananitania?

Hakutanii, wako kusini ya ikweta, Septemba mpaka Novemba. Kila nilichoandika hapa kinamhusu, ageuze tu kusini iwe kaskazini.

Baada ya vurugu zote hizi, maua yatatoka?

Inategemea mvua iliyotangulia zaidi kuliko ya wiki hii. Mbegu nyingi za jangwani zina kemikali kwenye ganda zinazozizuia kuota, na inahitajika mvua ya kutosha, mara nyingi inatajwa kama milimita 25 kwa mkupuo, ili kuisafisha, alafu mvua nyingine ndogondogo na baridi ya wastani miezi inayofuata. Death Valley kule California inapata kama milimita 50 tu kwa mwaka mzima, na bado mwaka 1998, 2005 na 2016 mabonde yake yaligeuka njano. Mbegu zilikuwa chini muda wote huo zimekaa.

Kama kwenu ilinyesha vizuri tangu vuli, nenda ukaangalie sasa, usisubiri wikiendi ya tatu, maana siku tatu za upepo wa moto zinamaliza kila kitu. Nenda siku ya jua, asubuhi saa tatu nne hivi. Ile mipopi, maua ya njano na machungwa ya California, inajifunga usiku, inajifunga kukiwa na baridi, inajifunga upepo ukizidi, kwa hiyo ukienda alfajiri hujaiona na ukienda saa tisa pia inawezekana hujaiona. Piga magoti kabisa, mengine ni madogo kuliko ukucha wa mtoto, na tembea kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa.