Gitaa na nyimbo unazozipenda: mkono wa kulia kwanza

Karibu kila anayeanza gitaa huniuliza kuhusu kodi (chord, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja): ajue ngapi, zipi, zinashikwaje. Mimi humwambia aziache kwanza. Laza kiganja cha kushoto juu ya nyuzi zote zisilie, fungulia wimbo unaoupenda kwenye simu, kisha ufuate kwa mkono wa kulia peke yake, chini juu, chini juu, mpaka uishe. Utasikia mkwaruzo mtupu, lakini wimbo wenyewe umo humo. Kodi ikikosewa kidogo watu wanavumilia. Mdundo ukikatika, hata anayeimba nawe anaachia njiani.

Mkono huo usisimame kabisa. Pale ambapo hupigi nyuzi, upite hewani tu, uendelee kupanda na kushuka. Tatizo ninaloliona zaidi kwa wanaoanza ni kusimamisha mkono wa kulia kusubiri vidole vya kushoto vijipange. Vidole vikichelewa, piga nyuzi wazi, bila kuzibana, na usonge mbele, vitafika.

Kwa wimbo wa kwanza huwa napendekeza "Zombie" wa The Cranberries, wa mwaka 1994. Una kodi nne: Em, C, G, na D yenye besi (sauti nzito ya chini) ya F#, ambayo mwanzoni unaweza kupiga kama D ya kawaida. Zinazunguka hizo hizo kwenye ubeti na kwenye kiitikio. Kinachobadilika ni nguvu: ubeti unapigwa kwa utulivu, kiitikio kinalipuka. Kwa hiyo unajifunza mapema jambo ambalo wengi hulichelewesha, kwamba kodi zile zile zinaweza kunong'ona na zinaweza kupiga kelele.

Ukitoka hapo nenda "Wonderwall" wa Oasis, wa 1995. Funga kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote, kwenye freti ya pili (freti ni nafasi kati ya vyuma vya shingoni). Kidole cha pete kiweke kwenye uzi wa pili, kidole kidogo kwenye uzi wa kwanza (ule mwembamba kuliko wote), vyote freti ya tatu kuhesabu kutoka kwenye kapo. Sasa visahau hapo. Ubeti unapita Em7, G, Dsus4 na A7sus4, na vidole hivyo viwili havinyanyuki. Vinavyohama ni cha shahada na cha kati tu. Nilipomwonyesha mdogo wangu hili, aliacha kuangalia mkono wake wa kushoto jioni ile ile. Kwenye kila wimbo mpya, tafuta kwanza kidole ambacho hakina haja ya kuondoka.

Halafu kuna F na Bm, kodi ambazo kidole kimoja hubana nyuzi nyingi kwa pamoja, nazo zimewafanya watu wengi waning'inize gitaa ukutani. Mara nyingi kosa si la vidole. Magitaa mengi ya bei nafuu yana nyuzi zilizokaa juu sana. Mpelekee fundi asugue kile kipande cheupe cha kwenye daraja (pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa), nyuzi zishuke. Wakati huo huo, badala ya F piga Fmaj7, uzi wa kwanza ukiwa wazi. Bm unaweza kuikwepa kwa kapo. "With or Without You" wa U2, wa 1987, unakwenda D, A, Bm, G. Funga kapo freti ya saba, shika G, D, Em, C, na bado utakuwa sawa na rekodi. Sauti itakuwa nyembamba zaidi, lakini utapiga wimbo mzima leo.

Kodi za mtandaoni zisikilize kabla ya kuziamini. Punguza kasi ya YouTube hadi 0.75, fuata besi kwa sikio. Besi ikitua pasipo na kodi yako, amini besi.

Kuimba huku unapiga kuna ngazi zake. Anza kwa kuvumisha sauti ya wimbo mdomo umefumbwa, mkono ukiendelea. Ukiona mkono hauyumbi, weka maneno ya kiitikio, ambayo kwa kawaida yanaangukia kwenye pigo. Beti ziache mwisho, maana huko waimbaji wengi hutangulia au huchelewa makusudi.