Kivimbe kinachoteleza kwenye titi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 22, naishi Mbagala. Nikioga nagusa kivimbe titi la kushoto, kama gololi, hakiumi. Shangazi kaniletea dawa ya kuchua. Nipake?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usipake wala usikikande. Kuchua hakuyeyushi kivimbe. Kwa umri wako, kivimbe kinachokimbia ukikibonyeza mara nyingi ni fibroadenoma, na hiyo si saratani. Lakini vidole havitoshi kuthibitisha, hata vyangu. Nenda Hospitali ya Temeke upigwe ultrasaundi; ikibidi watachukua kipande kidogo cha nyama ya kivimbe kwa sindano, kipimwe. Kikiwa kidogo huachwa na kufuatiliwa, kikizidi kukua hutolewa. Chuchu ikitoa damu au ngozi ikibonyea ndani, usisubiri tarehe ya kliniki, wahi siku hiyohiyo. Na shangazi nenda naye, asikie mwenyewe.