Hofu isiyokwisha: je, ni upungufu wa imani?

SWALI: Assalaamu alaykum. Huu ni mwaka wa pili moyo wangu haujatulia. Usiku huamka moyo ukienda mbio bila sababu ninayoijua, na nikiwa katika safu ya swala ya jamaa, tunaporukuu tu koo hunibana nikadhani nakata roho, nikaikata swala na kutoka. Sasa naswali nyumbani peke yangu. Daktari amenipa dawa, lakini ndugu zangu wanasema mwenye kumtegemea Mungu hanywi dawa ya hofu. Je, imani yangu ni pungufu? Na swala nilizozikata nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Dada yangu, kabla ya hukumu yoyote nakuomba uifungue Suratul Qasas. Katika aya ya 7 mama yake Musa aliambiwa asihofu wala asihuzunike, kwa kuwa mwanawe atarudishwa kwake. Ni nani kati yetu aliyepewa ahadi iliyo wazi kuliko hiyo? Hata hivyo aya ya 10 inatueleza kwamba moyo wake ulikuwa mtupu, akakaribia kuitoa siri yake lau Mola wake asingeutia nguvu moyo huo. Mwenyezi Mungu hakumlaumu kwa hilo. Na katika aya ya 11 tunamkuta akimwambia dada yake Musa amfuatie mtoto, yaani moyo wake ukiwa katika hali hiyo hiyo, bado alishika sababu, yaani alichukua hatua iliyo katika uwezo wake.

Kwa hiyo wanaoipima imani yako kwa mapigo ya moyo wako wamekosea, hata kama nia yao ni njema. Mtume (s.a.w.) amesema, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu hapatwi na uchovu, maradhi, hamu (yaani wasiwasi), huzuni, udhia wala ghamu (yaani majonzi), hata mwiba unaomchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwa hayo makosa yake. Hamu na ghamu zimetajwa humo pamoja na maradhi, na mgonjwa haulizwi kwa nini anaumwa.

Kuhusu dawa, Mtume aliwaamrisha waja wa Mwenyezi Mungu watafute matibabu, wala hakuutenga ugonjwa wa nafsi. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, akamshauri mtu ajiwekee fikra za kutuliza wakati yu salama, kama anavyojiwekea dawa kabla ya kuugua. Basi inywe dawa yako kama ulivyoelekezwa. Nyingi katika dawa za aina hii huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na kuziacha ghafla kunaweza kudhuru, kwa hiyo usiziache bila kumwuliza daktari. Dua na adhkari, yaani maneno ya kumtaja Mwenyezi Mungu, ziendelee sambamba, hasa ile aliyoikithirisha Mtume: "Allahumma inni a'udhu bika minal hammi wal hazan," yaani, "Ewe Mwenyezi Mungu, najikinga kwako na wasiwasi na huzuni." Yeye mwenyewe aliomba kinga dhidi ya hamu hiyo, nawe huna la kuona haya.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kuiacha kwako swala ya jamaa. Sisemi hivyo kwa kuwa umepata dhambi, maana mwanamke hakuwajibishiwa swala hiyo ya jamaa. Nasema kwa kuwa hofu hukua kila inapokimbiwa: ukitoka unapata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoufunza moyo kwamba pale palikuwa na hatari. Rudi kidogo kidogo. Anza na swala fupi, simama mwisho wa safu karibu na mlango, na koo likibana vuta pumzi taratibu, uitoe polepole zaidi kuliko ulivyoivuta. Ukishindwa kabisa kusimama, kaa chini ukamilishe swala yako umekaa. Mtume alimwambia Imran bin Husayn, aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, na asipoweza, kwa kulala ubavu. Usiingoje siku ambayo moyo utatulia kabisa ndipo uswali. Swali nao hivyo hivyo ulivyo.

Ama swala ulizozikata, ile uliyoirudia baadaye imetosha, haina deni. Ile ambayo hukuirudia, ilipe kwa kadiri unavyokumbuka, kidogo kidogo kila siku. Idadi ikikutatiza, kisia kwa dhana yako iliyo na nguvu kisha usiirudie hesabu hiyo, kwa sababu kuhesabu upya kila usiku kutakurudisha katika hofu ile ile.

Wallahu a'lam.